Kahawa kwa Mkono wa Damian

Ukifika Izigo ukauliza nyumba ya Ta Damian, yule mwanajeshi mstaafu, utaonyeshwa njia na onyo utapewa juu yake: nenda umeshiba, maana pale kahawa huipati mkononi mwa mwenye nyumba. Watakuambia hivyo huku wakicheka. Lakini mtu wa Muleba akicheka jambo la kahawa, ujue limemkera.

Kwetu mgeni haanzi na chai wala soda. Anaanza na akamwani, yaani kahawa nzima iliyochumwa mtini, ikachemshwa na majani ya harufu nzuri, ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Mnaitafuna taratibu huku mkiulizana habari za nyumbani. Mwenye nyumba huchukua ya kwanza, huitafuna mbele ya macho yako, ndipo anakunyoshea kikapu kwa mkono wake mwenyewe. Ukishapokea, wewe si mpita njia tena. Uko chini ya paa lake, na lolote likikupata hapo ni lake pia.

Felicitas, mke wa Damian, hakuhitaji kufundishwa hayo. Mwaka ule wa vita vya Kagera alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na hadithi ameipata kwa mama yake. Watu walikuja kutoka ng'ambo ya mto na magodoro vichwani, na familia moja ikasimama uani kwao ikiwa haijui iende wapi. Mama yake akaingia ndani, akatoka na kikapu, akawapa kahawa. Walikaa pale mpaka vita vikaisha na hata baada ya kuisha. Jirani alipouliza atawalisha mpaka lini, mama alimshangaa kweli kweli.

"Si wameshatafuna?" akasema, na mjadala ukafungwa.

Sasa mwone Damian wa zamani. Alikuwa hodari wa kugawa kahawa kuliko mapadre wa kugawa baraka. Akirudi likizo kutoka kambini, kila aliyekatiza kwenye kibanja chao cha migomba na mibuni aliitwa: muuza chumvi, wanafunzi waliotumwa dukani, hata mgambo aliyekuja kudai watu wakafanye usafi wa barabara. Felicitas alikuwa akinung'unika kwamba mume wake atawamalizia mibuni kabla haijazeeka. Kumbe angejua, asingenung'unika.

Kisha jeshi likamteua kwenda Kongo kulinda amani, wale wa kofia za buluu. Kijiji kizima kilimsindikiza. Felicitas alimfungia kahawa kwenye maganda makavu ya mgomba, akaikaza vizuri kwa kamba, akamwambia, "Huko nako kuna watu. Usikae kama mtu asiye na kwao." Yeye ndiye aliyesema maneno hayo. Ameyakumbuka mara nyingi mno.

Damian alirudi mzima, ana medali, ana redio mpya, na furushi la kahawa hana. Jumapili ile watu wa jumuiya walijaa sebuleni kumpa pole na hongera. Felicitas akaleta kikapu, akapiga magoti, akamwekea mumewe mikononi kama ada ilivyo. Damian akakitazama. Akakiweka chini, akainuka, akapita mlango wa nyuma akaingia migombani. Tangu siku ile mkono wake haukumnyoshea mtu kahawa tena.

Ndipo Felicitas akalazimika kuwa mwongo. Alianza na vidonda vya tumbo. Mzee ana vidonda vya tumbo, alisema, harufu ya kahawa tu inamchoma. Jamani, usijaribu kuugua uongo kijijini! Kila mtu alikuwa na dawa. Waliletewa asali, wakaletewa shubiri, wakaletewa maziwa ya mbuzi, na Ma Edvina, jirani yao wa upande wa chini, alileta mizizi ya kuchemsha akasimama mlangoni kuhakikisha imenywewa. Damian aliinywa yote. Alijikunja siku nzima, na mkewe akacheka chooni ili asisikike, kisha akalia humo humo.

Maana hasira alikuwa nayo, tusifiche. Alimpenda mumewe, lakini alimchukia pia kwa ule ukimya. Kila alipouliza Kongo kulikuwa na nini, jibu lilikuwa moja: "Niache, Mama Renatha." Akaacha. Kahawa wageni wakawa wanapewa na shemeji yake Kaijage, ndugu wa Damian, anapokuwepo, na asipokuwepo anaigawa Felicitas mwenyewe kwa aibu. Miaka ikapita hivyo. Ukoo ukazoea, kijiji kikapata cha kusema.

Hapo ndipo Renatha alipotaka kuolewa.

Renatha ni binti yao pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Buhembe. Kijana aliyempata anaitwa Rwekaza, wa Maruku, mtulivu, wa familia ya wakulima, hana baya. Naye ni mwanajeshi. Na kama vile hilo halikutosha, alikuwa ameshateuliwa kwenda Kongo, kulinda amani, kofia ya buluu. Renatha aliyasema haya siku moja uani, baba yake akiwa anapogoa migomba. Panga likasimama hewani.

"Huko huko?" Damian akauliza.

"Huko huko, Tata."

Akaendelea kupogoa, lakini aliukata mgomba ambao mkungu wake ulikuwa haujakomaa, na yeye si mtu wa kufanya kosa la namna hiyo.

Ukweli wenyewe ni huu. Watu wa posa wakija, baba wa binti ndiye anayewapa kahawa. Asipowapa, amekataa. Hakuna kugombana wala kuuliza sababu. Watakunywa maji, watashukuru, watanyanyuka, na kijana atatafuta kwingine, kwa kuwa hakuna ukoo unaojiheshimu utakaorudi kwenye nyumba iliyowanyima akamwani. Renatha alilijua hilo, na mama yake alilijua zaidi.

Basi Felicitas akamwendea shemeji yake Kaijage kumwomba awape yeye. Kaijage akakuna kichwa.

"Shemeji, wageni wengine nimewapa na nitawapa. Lakini posa? Baba wa binti yuko hai, amekaa pale kwenye kiti chake, halafu nitoe mimi? Maruku watadhani amefariki na hatujawapa taarifa."

Felicitas akacheka bila kupenda. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alimfuata mumewe hadi migombani.

"Ta Damian, kijana humtaki?"

"Namtaka. Ni kijana mzuri."

"Basi utawapa kahawa?"

Damian akaanza kuokota majani makavu na kuyapanga kwenye shina, moja moja, kana kwamba yangeharibika yasipopangwa.

"Mimi nimekubeba miaka yote hii," Felicitas akasema, na sauti ikampanda. "Nimekuwa mwongo kwa ajili yako. Nimekuugulia vidonda usivyokuwa navyo. Hilo sikudai. Lakini mtoto wangu hutamharibia, Damian. Hutamharibia!"

Alimwita jina tupu, bila ile Ta ya heshima. Hajawahi. Wote wawili walishtuka.

Jumamosi ya posa ikafika. Sakafu ya sebule ilitandazwa nyasi mbichi, rubisi, pombe ya ndizi, ikawa tayari kwenye kibuyu, na Ma Edvina akawa amekaa jikoni tangu asubuhi eti kusaidia kumenya ndizi, kumbe asipitwe. Wageni wa Maruku waliingia na msemaji wao, mzee Mushumbusi, mtu wa maneno mengi aliyevaa koti zito kwenye joto lile. Rwekaza alikaa nyuma yao, magoti pamoja, kimya, kwa sababu siku ya posa mwenye shida haongei.

Mushumbusi alisalimia, akasifu kibanja, akasifu barabara, akaisifu mvua. Kisha akageukia mlango wa jikoni. Ilikuwa zamu ya kahawa.

Felicitas akatoka na kikapu. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akamwekea mikononi. Kwa kawaida mke hunyanyuka hapo akarudi kukaa na wanawake. Yeye hakunyanyuka. Alikuwa ameamua tangu jikoni: atakaa pale chini mpaka kahawa itoke, na isipotoka watamnyanyua yeye.

Damian alikishika kikapu. Hakukiweka chini kama ile Jumapili, lakini hakukinyosha pia. Mushumbusi alikohoa. Mmoja wa wageni alitazama saa yake. Nyasi zilianza kumchoma Felicitas magotini, na moyo wake ulikuwa unaomba kwa nguvu zote, Bikira Maria, leo tu, leo tu.

"Nilimpa mtu kahawa kama hii," Damian akasema.

Kila mtu akainua kichwa.

"Kule Kongo. Kambi yetu ilikuwa juu ya kilima, kijiji kikiwa chini yetu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa analeta mboga kuuza getini. Alitupenda kwa sababu ya Kiswahili. Wenzetu wa nchi nyingine walikuwa na kisingizio, walikuwa hawaelewani na watu. Sisi tulielewana. Alikuwa akiniambia, nyinyi ni watoto wetu, munasema kama siye."

Akakipakata kikapu magotini.

"Sisi wenyewe tulikuwa hatujui vizuri tuko pale kufanya nini. Tulinde, lakini tusipige mpaka tupigwe. Tukae na watu, lakini vita si vyetu. Kila asubuhi tulisomewa tunachoruhusiwa, na kila jioni watu walituuliza tunachoweza. Siku moja risasi zilisikika ng'ambo ya bonde. Yule bibi akaja amebeba mjukuu, akaniuliza, 'Mutabakia na siye?' Mtabaki nasi? Mimi, kwa kutojua la kusema, nikaingia hemani nikachukua kahawa ya Mama Renatha. Nikatafuna, nikampa. Naye akatafuna. Kwao ni kahawa tu. Lakini mimi nilijua nimefanya nini."

Jikoni kisu cha ndizi kilikuwa kimenyamaza. Ma Edvina alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Akarudi kwake. Alikuwa ameshaanza kufunga mizigo, wenzake wengi walikwisha kuondoka. Akaifungua, akijua tunabaki. Kesho yake ikaja amri kwa redio: vunjeni kambi, hamieni mjini, na msimwambie raia yeyote. Tukapanda magari. Yule bibi alikuwa kando ya barabara na kapu lake la mboga. Alinipungia mkono. Alidhani tunakwenda doria."

"Mawe! Mama yangu!" akasema Ma Edvina kwa sauti ndogo.

"Baadaye tulisikia kile kijiji kimechomwa. Kama alitoka, kama hakutoka, sijui. Mpaka leo sijui. Nimepewa medali, wageni wangu. Ipo kabatini chini ya mashuka."

Felicitas pale chini alitaka kumshika mguu, akashindwa kwa ajili ya watu. Miaka yote alidhani kuna mwanamke. Kweli alikuwepo mwanamke, na maskini, alikuwa bibi wa mboga. Maneno yake mwenyewe yakamrudia, usikae kama mtu asiye na kwao, na yakamchoma kuliko zile nyasi.

Mushumbusi alijifuta jasho. "Waitu, jamani," akasema hatimaye, "pole sana. Vita ni kitu kibaya. Ila sisi tumekuja kwa ajili ya binti, na ya Kongo, kwa kweli, hatukujiandaa nayo."

"Najua," akasema Damian. "Lakini kijana wenu anakwenda."

Ndipo Rwekaza akafanya jambo lililowaacha wazee wa Maruku hoi. Aliongea. Alisogea mbele, akapiga goti moja kando ya Felicitas, akainamisha kichwa.

"Tata, wakiniuliza mimi? Wakiniuliza kama tutabaki, niwajibu nini?"

"Kaa chini, wewe!" Mushumbusi akamkemea. Kijana hakusogea.

Damian alimtazama. Sura yake ililainika kidogo, mkewe aliiona vizuri kwa kuwa alikuwa karibu.

"Waambie hujui," akasema. "Ni hilo tu. Mimi neno 'sijui' nalifahamu tangu darasa la kwanza, na yule bibi angelielewa bila mkalimani. Nikaona aibu kulisema nikiwa na bunduki na kofia. Nikampa kahawa badala yake. Usimpe mtu kitu cha kumfanya afungue mizigo yake, kama wewe mwenyewe hujui kesho utalala wapi. Wakubwa wako watakasirika, watu watakudharau. Useme hivyo hivyo."

"Nitasema, Tata."

"Uniapie."

"Naapa."

Damian akaingiza vidole kikapuni. Akachukua moja, akaitia mdomoni, akaitafuna. Taya zilikuwa zikienda polepole na machozi yakimtoka, hakuyafuta. Kisha akakinyosha kikapu kwa Rwekaza, akaruka wazee wote, kinyume kabisa na ada.

"Hii siyo ya kukukaribisha," akamwambia. "Ni ya kiapo. Ya kukukaribisha utaikuta ukirudi."

Rwekaza akapokea kwa mikono miwili. Wazee wa Maruku wakapewa na Kaijage, aliyedaka kikapu haraka kabla ugomvi wa heshima haujaanza, na Mushumbusi alipokea akinung'unika kwamba katika posa zote alizosimamia hajaona kama hii. Lakini alitafuna, na yaliyobaki yakawa mambo ya kawaida ya posa, pamoja na kubishana kidogo na rubisi nyingi. Felicitas alinyanyuliwa na Ma Edvina, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Harusi ilifanyika parokiani kabla ya kijana kuondoka. Felicitas hakumfungia mkwewe kahawa. Alimfungia karanga.

Siku hizo za kusubiri Damian hakubadilika sana, msidhani. Wageni walipokuja bado alikuwa akiwaachia wengine kikapu. Ila redio aliiwasha, na habari za Kongo zilipotangazwa aliacha kula. Vita vilikuwa vimerudi kule, mara vinaisha, mara vinaanza, na kuhusu wale wa kofia za buluu, leo wanaambiwa wabaki, kesho wanaambiwa waondoke. Jioni mumewe alikuwa akimwambia Felicitas majina ya vilima, hiki tulikipita, pale kuna daraja. Alikuwa ameanza kuongea. Hata hilo peke yake, kwa Felicitas, lilikuwa kubwa.

Asubuhi moja wakiwa wanaanika maharage uani, simu ya Felicitas ikaita. Alikuwa Rwekaza. Akaweka sauti kubwa ili mzee naye asikie. Walisalimiana, wakaulizana afya, mtandao ukawa unakatika na kurudi.

"Tata yupo?"

"Nipo," akasema Damian.

"Tata, wiki iliyopita mama mmoja wa kijiji cha jirani na kambi aliniuliza. Kama ulivyosema. Ana watoto wadogo. Aliniuliza kama tutabaki."

Damian aliacha maharage. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui. Alinitazama, Tata, kama vile nimemtemea mate. Nilijisikia vibaya sana. Hakuaga, akaondoka."

"Enhe?"

"Akaenda kufunga mizigo. Wengine walimwona wakafunga nao. Waliondoka asubuhi yake, barabara ikiwa bado wazi. Jana nasi tumeambiwa tuhamie mjini, tukahama." Mtandao ukakwama, ukarudi. "Leo kijiji hakina mtu. Wamefika mjini, nimewaona kwa macho yangu. Wale watoto pia. Hajanisalimia."

"Hajakusalimia?"

"Hapana. Amenipita tu."

"Vizuri," Damian akasema. "Vizuri sana, mwanangu."

Simu ikakatika. Damian alibaki amesimama katikati ya maharage, mikono ikining'inia. Felicitas alisimama kando yake. Alijua yule bibi wa mboga bado yuko pale pale barabarani, anapunga mkono, na hakuna simu itakayomwondoa.

Mara Ma Edvina akatokea kwenye kona ya nyumba, kanga kiunoni, akiongea kabla hajafika.

"Hodi humo! Nataka kuazima panga, la kwangu limevunjika mpini. Mbona mmesimama hivyo, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Damian akasema. "Kaa, Ma Edvina. Mama Renatha, tuletee kahawa."

Felicitas aliingia ndani mbio, akakosa kukiona kikapu kilichokuwa mbele ya macho yake. Alipokileta na kupiga magoti, Damian alichukua ya kwanza, akaitafuna, akamnyoshea jirani yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ma Edvina akakitazama kikapu, akamtazama mwenye nyumba.

"Mimi? Nimekuja kwa panga tu, Ta Damian."

"Karibu," akasema. "Tafuna."